Tabasamu la kauri: Tujiulize kabla jino halijachongwa



Wapenzi wasomaji, kwa muda sasa maswali ya meno yanayoufikia ukurasa huu wa familia yamebadilika sura. Zamani tuliulizwa juu ya jino linalouma: ling'olewe au lizibwe, na je, aliyefunga anaruhusiwa kwenda kwa daktari wa meno mchana wa Ramadhani? Sasa tunaulizwa juu ya meno yasiyouma. Mama anataka kujua kama ni sawa kutoa sehemu ya fedha za harusi ili bintiye awekewe meno meupe yaliyopangika, mfano wa yale anayoyaona kwenye simu. Kijana aliyekulia chini ya mlima Meru anauliza kama atakuwa anayabadilisha maumbile ya Allah (s.w.t.) akiyafunika meno yake ya kahawia, ambayo tangu darasa la tano yamemfanya aweke mkono mdomoni kila anapocheka. Na yupo mume anayeuliza kama analazimika kumlipia mkewe gharama za namna hiyo.

Tumeona tuyajibu kwa pamoja, kwani yote yanahusu matibabu ya urembo wa meno, na hasa yale yanayoitwa vinia za kauri. Tangu mwanzo tuseme tunalolikusudia. Mpaka mkubwa katika jambo hili umo baina ya jino lenye ila na jino zima. Weupe na wekundu wa jino ni suala la baadaye. Kinachochongwa kwenye jino hakioti tena, na kwa sababu hiyo kauli ya daktari mwadilifu na kauli ya mwanazuoni zinakaribiana kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Vinia ni kitu gani

Vinia ni gamba jembamba linalogandishwa upande wa mbele wa jino, ule unaoonekana mtu anapotabasamu. Unene wake ni mdogo mno; mara nyingi huwa kati ya milimita 0.3 na 0.7. Zipo zinazotengenezwa kwa resini, lakini zinazosifiwa zaidi ni za kauri. Kauri si ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliyapamba makaburi yao ya nguzo kwa sahani za kauri kutoka China, na athari zake zingali zinaonekana Kunduchi na kwingineko. Sifa zilizowavutia wao ndizo zinazowavutia madaktari wa meno leo: kauri hung'aa, hupitisha nuru kidogo kama jino lenyewe, na hainywi rangi ya chai, kahawa wala tambuu.

Asili ya fani hii ni Hollywood. Katika miaka ya 1930, daktari wa meno wa California, Charles Pincus, aliwatengenezea waigizaji wa filamu magamba ya kufunika meno yao wakati wa kupigwa picha. Magamba yale yalishikizwa kwa unga ule ule unaotumika kushikizia meno ya bandia, na kazi ilipokwisha mwigizaji aliyavua. Haikuwapo gundi ya kuyashika zaidi ya hapo. Mwaka 1955 Michael Buonocore, naye wa Marekani, alionyesha kwamba tindikali ya fosforasi ikipakwa juu ya jino huacha vitundu vidogo mno ambamo resini huingia na kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa huko huko, wakiwamo John Calamia na Richard Simonsen, walionyesha kwamba kauri nayo inaweza kukwaruzwa kwa tindikali na kugandishwa kwenye jino. Kwa hiyo gamba la kuvuliwa jioni likawa gamba la miaka mingi. Msomaji aitie akilini tofauti hii: mwigizaji wa zamani alipovua magamba yake alirudi nyumbani na meno yake kamili, ilhali anayewekewa vinia leo kwa kawaida hupunguziwa jino kwanza, na hana njia ya kurudi alikotoka.

Kazi inavyofanywa

Daktari makini huanza kwa kuukagua mdomo mzima. Hupiga picha ya eksirei, huondoa ugaga, huziba meno yaliyotoboka na kutibu fizi zinazotoka damu. Vinia haigandishwi juu ya nyumba inayobomoka. Kisha hupima na kupiga picha za uso: midomo ikiwa imetulia na ikiwa inatabasamu, mstari wa kati wa uso, urefu wa meno ya mbele ukilinganishwa na upana wake, na namna ncha za meno ya juu zinavyoufuata mdomo wa chini. Hapo ndipo tabasamu linaposanifiwa, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta.

Baada ya vipimo, fundi wa maabara ya meno hutengeneza mfano wa nta, na kutokana na mfano huo daktari huweza kumbandikia mgonjwa meno ya majaribio juu ya meno yake ambayo hayajaguswa. Mgonjwa hujitazama kwenye kioo, huzungumza na hucheka. Asiporidhika, majaribio yale hubanduliwa na hakuna kilichopotea. Daktari asiyetoa nafasi hii kwa anayetaka kubadilisha meno sita, manane au kumi amemnyima haki kubwa.

Katika hatua hiyo tunamshauri Muislamu afanye jambo ambalo huenda daktari hatalitaja: asome Qur'ani kwa sauti. Herufi faa hutoka pale ncha za meno ya mbele ya juu zinapogusa mdomo wa chini kwa ndani, na herufi thaa, dhaal na dhwaa hutoka ulimi unapogusa ncha za meno hayo hayo. Meno yakirefushwa au kunenepeshwa kupita kiasi, herufi hizo ndizo za mwanzo kuharibika. Suratul Falaq ni fupi na inazo faa na thaa katika neno moja. Aisome mara kadhaa, na ulimi ukikwama, daktari aambiwe mapema, kauri ikiwa bado haijatengenezwa.

Mgonjwa akiridhika, huchomwa sindano ya ganzi na jino huchongwa upande wa mbele. Huchukuliwa alama ya meno yaliyochongwa na kupelekwa maabara, naye huwekewa magamba ya muda. Magamba ya kauri yakirudi hujaribiwa kwanza. Kisha upande wa ndani wa kauri hukwaruzwa kwa tindikali ya aina yake, jino nalo hupakwa tindikali yake, na baina yao hutiwa resini inayokauka kwa taa maalumu. Mwishowe daktari huangalia namna mgonjwa anavyouma, kwa sababu vinia moja inayogongwa kabla ya nyingine haidumu.

Kisichorudi

Tabaka la nje la jino, liitwalo enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Lakini halina uhai wa kujijenga upya. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika huziba. Seli zilizoijenga enameli hutoweka jino linapochomoza. Katika meno ya mbele unene wake ni kama milimita moja hivi, na karibu na ufizi ni mdogo zaidi. Anayechonga nusu milimita amechukua sehemu kubwa ya akiba ya umri mzima.

Tena resini hushika vyema juu ya enameli kuliko juu ya dentini iliyo chini yake. Kwa hiyo mchongaji anayevuka enameli anafanya makosa mawili kwa mkono mmoja: anaudhoofisha mshiko wa vinia, na analisogelea neva la jino, hata baridi na moto vikawa adhabu kwa mgonjwa. Yako meno ambayo, baada ya kuchongwa kupita kiasi, huhitaji matibabu ya mzizi ilhali yalikuwa mazima.

Hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Kofia ya jino ni kitu kingine kabisa. Vinia hufunika upande wa mbele. Kofia hulizunguka jino lote, na ili iingie jino huchongwa pande zote hadi libaki kisiki. Katika utafiti wa Edelhoff na Sorensen uliochapishwa mwaka 2002, ilipimwa kwamba vinia huhitaji kuondolewa kwa asilimia 3 hadi 30 ya sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi, na kofia huhitaji asilimia 63 hadi 72. Madaktari wa meno wa Uingereza wamekuwa wakionya kuhusu raia wao wanaosafiri kwenda Uturuki kutafuta meno ya bei nafuu, wakaahidiwa tabasamu jipya, kisha wakarudi na kofia juu ya visiki. Jamaa zetu wanaosafiri kwa shughuli kama hizi, na wale walioko Ulaya na Ghuba wanaoshawishiwa na matangazo, waulize swali hili kwa maandishi kabla ya kulipa: ni vinia au ni kofia? Na jino langu litabaki na nini?

Jambo la mwisho hapa ni muda. Vinia ya kauri iliyowekwa vizuri na kutunzwa hutarajiwa kudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine huzidi hapo. Hakuna inayodumu umri mzima. Binti wa miaka 22 anayewekewa vinia nane leo atahitaji kuzibadilisha mara tatu au nne kabla hajafika miaka 70, na gharama huhesabiwa kwa kila jino. Familia inayochanga fedha za harusi kwa ajili hiyo inanunua malipo ya mwanzo tu. Yatakayofuata yatambeba yeye na mumewe wakati wakiwa na watoto wa kusomesha.

Wanazuoni wamesema nini

Iko hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abdullah bin Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo wamelaaniwa wanaochanja na kuchanjwa ngozi kwa rangi, wanaonyoa nyusi, na wale wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Allah. Sisi watu wa pwani inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa kuwa mwanya tumeuhesabu kuwa pambo, na mashairi yetu yameusifu vizazi kwa vizazi. Mwanya wa kuzaliwa nao ni neema. Mwanya wa tupa ndio uliokatazwa.

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo la madrasa zetu nyingi za Kishafii, ameieleza hadithi hii katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Amebainisha kwamba katazo limefungamana na kutafuta uzuri. Ama anayehitaji kufanya hivyo kwa matibabu au kwa sababu ya ila iliyomo katika jino, hapana ubaya. Wanazuoni wameeleza vilevile kwamba wanawake wenye umri mkubwa walikuwa wakiyachonga meno yao ili waonekane wasichana, na ndani yake mkawa na udanganyifu.

Upande wa pili tunayo habari ya sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, akajitengenezea pua ya fedha, ikamtolea harufu, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume katika hali ya kawaida, lakini hapa iliruhusiwa ili kuondoa adha. Tirmidhi ametaja kwamba zaidi ya mwanazuoni mmoja alikaza meno yake kwa dhahabu. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilifuata njia hiyo hiyo: upasuaji wa kurekebisha ila ya kuzaliwa nayo, au iliyotokana na ajali au maradhi, unaruhusiwa kwa masharti yake, na ule unaobadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio au kuiga, hauruhusiwi.

Tuwarejee sasa waulizaji wetu.

Kijana wa meno ya kahawia

Huyu tunaanza naye kwa sababu dhiki yake ni ya kweli, na maelfu ya watu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na wenzao wa Bonde la Ufa upande wa Kenya wanaijua. Rangi ile haitokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni floridi iliyozidi katika maji ya kunywa. Miamba ya volkano huitoa, maji ya visima na mito huibeba, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yangali yakijengeka ndani ya taya hujengewa enameli yenye kasoro. Meno yanapochomoza yana madoa meupe kama chaki, ambayo baadaye hugeuka kahawia, na katika hali kali hubonyea na kumeguka.

Meno yale yana ila kwa maana kamili ya neno, na kuitibu hakumfanyi mtu kuwa mwenye kubadilisha maumbile kwa kutafuta uzuri. Hilo linamhusu pia aliyevunjika jino kwa ajali, na yule ambaye meno yake yaligeuka kijivu kwa sababu alipewa dawa ya tetrasaiklini utotoni. Hata hivyo, kuruhusiwa kutibu si kuruhusiwa kuanza na tiba inayokata zaidi. Madoa mepesi huweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu na kung'arishwa, na yaliyozidi kidogo hufunikwa kwa resini ya rangi ya jino, pengine bila kuchonga chochote. Vinia ibaki kwa hali ambayo hayo hayakutosha. Kijana amwombe daktari amweleze ngazi zote hizo, akianzia ya chini.

Na kwa wale waliomfanya afunike mdomo tangu darasa la tano, tunawakumbusha kwamba Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Dini yetu imelihesabu tabasamu kuwa sadaka. Anayemcheka mwenziwe hata akaacha kutabasamu amemzuilia sadaka yake.

Binti wa harusi na mume wa mwenye hamu

Kwa mama yetu wa harusi, swali la kwanza tunalomrejeshea ni hili: meno ya bintiyo yana nini? Kama yana ila miongoni mwa hizo tulizozitaja, jibu limetangulia. Kama yamepishana hata akashindwa kutafuna au kuyasafisha vyema, tiba yake ni waya wa kunyoosha meno, unaoyasogeza bila kuyapunguza, ingawa huchukua mwaka mmoja au miwili. Kama yamepoteza weupe kwa chai na ugaga, asafishwe kwa daktari. Huenda hiyo ikatosha, na kama haikutosha yapo madawa ya kung'arisha yanayotolewa chini ya uangalizi. Lakini kama ni meno mazima, yenye rangi ya kawaida ya meno ya binadamu, ambayo kosa lake ni kutofanana na ya wale wa kwenye simu, basi kuyachonga ni kukata kiungo kizima kwa ajili ya uzuri, na hapo ndipo hadithi ya Ibn Mas'ud inapotusimamisha. Daktari mwadilifu naye atamsimamisha hapo hapo, hata kama hajaisikia hadithi hiyo, kwa kuwa fani yake imemfundisha kutoliharibu jino lisilougua.

Tunaongeza nasaha moja. Ikiwa binti ametibiwa meno kwa ila ya haki na posa inakuja, hakuna aibu katika kulisema. Mposaji aliyefichwa leo atajua kesho, vinia ya kwanza itakapobanduka. Ndoa iliyoanza kwa ukweli hulibeba hilo kwa wepesi.

Ama mume aliyeuliza, matumizi anayowajibika kwayo ni chakula, mavazi na makazi kwa wema. Gamba la kauri juu ya jino zima halimo. Mkewe anapoumwa jino, wema baina yao unamtaka atafute tiba hata kwa kukopa. Na kabla hajasema neno juu ya gharama, ajiulize kama si yeye mwenyewe aliyeanza kulinganisha uso wa mkewe na picha za watu.

Tahadhari nyumbani na mitaani

Wapo wanaokwepa gharama kwa kusugua meno kwa ndimu, magadi au mkaa. Asidi ya ndimu huiyeyusha enameli, na mkaa na magadi huikwaruza. Weupe wa wiki ya kwanza hufuatiwa na jino la njano, kwa kuwa dentini iliyo chini ndiyo inayoanza kuonekana. Wapo pia wanaobandikiwa magamba saluni kwa gundi ya kawaida. Chini ya gamba lisilofungwa vyema chakula huoza, na jino huoza nalo.

Kila anayekusudia tiba ya meno ahakikishe kwamba anayemgusa ni daktari aliyesajiliwa. Kwa Tanzania Bara usajili huo ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya lipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Aulize pia kama anasaga meno usingizini, kwa kuwa usagaji huo huzivunja vinia. Na kijana ambaye hajafika miaka 18 asubiri, maana taya na fizi zake bado zinabadilika.

Wengine wametuuliza kuhusu udhu na josho. Katika madhehebu ya Imam Shafii kusukutua ni sunna katika yote mawili, kwa hiyo vinia haina athari. Kwa wanaofuata madhehebu yanayowajibisha kusukutua katika josho, kama ya Hanafi, kilichogandishwa kwa tiba na kisichoweza kuondolewa bila madhara husamehewa, na maji yakipita juu yake yametosha.

Watoto wasifikie huko

Tumalizie kwa lile ambalo wazazi wanaweza kulifanya bila daktari. Enameli ya meno ya mbele hujengeka tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka minane. Baada ya hapo, maji yenye floridi nyingi hayawezi tena kuyatia rangi meno hayo, lakini yaliyokwisha kuharibika hayarekebishiki yenyewe. Miaka hiyo minane ndiyo ya kulindwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji, na katika maeneo tuliyoyataja viko vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki, ikawa imekolea zaidi. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno, kwa hiyo familia inayoweza kuvuna maji ya paa ikayatenga kwa kunywa na kupikia chakula cha mtoto imefanya jambo kubwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulikia kwa miaka mingi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe linalopunguza floridi, na ofisi za maji za wilaya ndizo za kuulizwa juu ya upatikanaji wake. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo hubeba floridi. Mama anayempikia mtoto mdogo ayaache.

Misikiti yenye paa kubwa katika mikoa hiyo ina nafasi hapa. Mabati yanayowakinga waumini na mvua yanaweza kujaza tangi la watoto wa madrasa. Bei ya vinia chache za kauri kwa mtu mmoja inaweza kununua tangi na mifereji ya maji, na watoto watakaokunywa humo hawatakuwa na haja ya kuja kutuuliza, miaka kumi na tano ijayo, kama wana ruhusa ya kuyafunika meno yao.

Wabillahi tawfiq.